Nilivyolea Macho ya Samaki

Ukimwambia Mkisii wa Minnesota kwamba unafanya kazi maabara, atakuuliza ni ya hospitali gani. Wengi wetu kule ni wauguzi au watunzaji wa wazee, na simu za kutafutiana zamu hazikomi. Mimi niliajiriwa kuotesha neva kutoka macho ya samaki. Kwenye harambee nilizoea kujibu "niko utafiti" ili watu waendelee kula.

Samaki wenyewe ni wale wa rangi ya dhahabu wanaofugwa ndani ya vioo. Nilimlaza mmoja kwa dawa iliyotiwa majini, nikaibana neva ya jicho lake kwa kibanio chembamba, kisha nikamrudisha kwa wenzake. Jicho hilo hupofuka. Baada ya majuma kadhaa huona tena, jambo ambalo binadamu hajajaliwa. Kule kubanwa huiamsha retina, nasi tulingoja wiki moja au mbili ipate ari kabla ya kulitoa jicho.

Siku ya kazi samaki alikaa kwanza gizani. Akitoka mwangani, retina huung'ang'ania utando mweusi ulio nyuma yake na huchanika. Akitoka gizani hubanduka vizuri. Hapo alikuwa ameshauawa, sitaki kulizunguka hilo. Nilitoa lenzi, nikaitandaza retina, nikaikata vipande vya nusu milimita na kuvipanga kwenye sahani iliyopakwa polilisini ili vishike. Chakula chake kilikuwa mchanganyiko aliouchapisha Albert Leibovitz mwaka 1963, ambao hauhitaji kuongezewa gesi ya kaboni. Samaki ana raha yake: seli za panya hudai joto la mwili, zake huridhika na la chumbani. Adui ni ukungu. Chembe moja ikiingia, kesho yake sahani nzima imeota manyoya.

Mambo yakienda sawa, siku ya pili au ya tatu nyuzi huanza kuchomoza ukingoni mwa kipande, nyembamba mno. Nazo hazinyooki. Hupinda, nyingi zikifuata upande wa mishale ya saa. Heacock na Agranoff wa Chuo Kikuu cha Michigan waliliandika hilo mwaka 1977, na nilikuwa nimewasoma. Bado, mara ya kwanza kuliona niliigeuza sahani huku na huku nikidhani hadubini inanichezea.

Mama yangu, kule Nyamira, alikuwa na presha ya macho. Majirani waliita kila upofu mtoto wa jicho, wakamshangaa mbona hapasuliwi. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyofifia; daktari huitoa, akaweka nyingine, mtu akaona. Presha ya macho huua neva yenyewe polepole, na matone hulinda tu iliyosalia.

"Hao samaki wako wanaona tena?" aliniuliza kwenye simu.

"Wanaona, mama."

"Basi niletee hiyo dawa."

Nilimweleza kwamba si dawa. Mwaka 1981, huko Montreal, David na Aguayo walipandikiza kipande cha neva ya mguu kwenye panya, na nyuzi za ubongo na uti wa mgongo zikapita ndani yake na kurefuka. Kumbe hata seli za wanyama kama sisi zina uwezo fulani, ila mazingira yanazizuia. Za samaki huwasha upya chembeuzi zake za ukuaji, na njia yake ni nyepesi zaidi. Kulijua hilo si kuliponya jicho. Mama alisikiliza, akauliza kama kula macho ya ngege kunasaidia. Nikamwambia yanasaidia shibe, asiache matone.

Kwa kuwa ugonjwa huo hufuata ukoo, nilipofika likizo niliwapeleka ndugu zangu wote Kisii mjini kupimwa. Kaka yangu mkubwa, aliyejiona mzima kabisa, alikutwa nao, akaanzishiwa matone wiki hiyohiyo.