Mlango Uliofungwa Mchana

Sisi akina mama wa Busisi tuliokuwa tukiuza chakula kivukoni tulilifurahia daraja kama kila mtu. Tuliliombea hata kanisani, kwani mgonjwa aliyepelekwa Mwanza usiku alilazimika kusubiri kivuko. Lilipofunguliwa Juni 19, 2025, tulisimama juani tukishangilia. Kilomita kama 3 juu ya maji, na gari lavuka kwa dakika chache!

Hatukuwa tumepiga hesabu kwamba foleni ile ndiyo iliyokuwa ikitulipia kodi. Abiria aliyesubiri ndiye aliyenunua sato wa kukaanga na chai ya maziwa. Sasa basi lapita moja kwa moja, abiria wamelala.

Miezi michache baadaye mwenzetu mmoja akaanza kukosa vikao vya kikundi. Ana watoto wanne, na mume yuko machimboni upande wa Geita wala hatumi kitu. Tulidhani amenuna. Kumbe alikuwa akifunga mlango mchana na kukaa ndani kimya na watoto, ili mama mwenye nyumba akija kubisha adhani hakuna mtu. Kitinda mimba wake ndiye aliyetuambia tulipomkuta ziwani akichota maji: "Mama amesema tusikohoe."

Tulipomwendea alilia kwa aibu. Alikuwa amekaa miezi minne bila kulipa, Sh 120,000, na mwenye nyumba alitaka hizo pamoja na miezi sita ya mbele kwa mpigo, kama ilivyo desturi. Alikuwa amepewa wiki mbili aondoe vyombo vyake.

Tuseme ukweli, kikundini hatukuelewana. Mfuko wetu wa jamii, tunaochangia Sh 1,000 kila wiki, ni wa misiba na magonjwa. Mama mmoja akauliza, "Leo tukimlipia huyu, kesho mimi nikishindwa mtanilipia?" Hakuuliza kwa ubaya. Wengi wetu tulikuwa tumebakiza mwezi mmoja tu. Tulibishana hadi giza, mwisho tukatoa Sh 60,000, mkopo usio na riba, tukaandika daftarini.

Kisha tukaenda watatu kwa mama mwenye nyumba. Hapo ndipo tulipoona haya, maana tulikuwa tumeshamsema sana. Ni mjane. Vyumba vyake vitatu alivijenga kwa maandazi aliyouza pale pale kivukoni zamani, na viwili viko wazi, wapangaji wamehama. Alitutazama akasema, "Wanangu, nimebisha mara tano. Angenifungulia akaniambia hana, ningejua nasubiri nini."

Alipokea zile Sh 60,000, akakubali deni lililobaki lilipwe Sh 10,000 kwa mwezi, na kodi ya Sh 30,000 ilipwe mwezi kwa mwezi. Mwenyekiti wa kitongoji alishuhudia, kila upande ukabaki na nakala. Karatasi hiyo tusiidharau, akina mama. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na siku hizi kinachotazamwa kwanza ni makubaliano yenu. Baraza la Kata nalo, tangu 2021, kazi yake ni kupatanisha, si kuamua. Na utapatanishwaje ikiwa kila mmoja anakumbuka lake?

Tumeanza pia kuomba mkopo wa halmashauri, ule usio na riba unaotokana na asilimia 4 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya vikundi vya wanawake. Huo ni wa biashara, si wa kulipia kodi. Tunataka kupeleka dagaa wakavu soko la Sengerema, kwa kuwa wateja hawatufuati tena.

Mwezi uliopita mwenzetu alipata Sh 35,000 badala ya 40,000. Alizipeleka mwenyewe asubuhi, kabla hajabishiwa hodi, akaomba siku kumi kwa zile tano.