Asilimia 45 Ndiyo Ngapi?

Mvua ya Kakamega haijui kubisha hodi. Saa nane mchana jua linachoma, saa kumi radi inapiga upande wa msitu na watu wa boda wanakimbilia vibaraza vya maduka. Upepo wa Ziwa Victoria unakutana na ule wa mashariki, hewa inapanda, na sisi tunalowa. Hiyo mvua unaiona kwa macho. Ngumu ni ile ya miezi mitatu ijayo, kwa sababu hiyo inakuja kwa asilimia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, karo iliposhinda. Tangu hapo naishi kwa kuandikia watu: hotuba za harusi, barua za kazi, matangazo ya ploti. Kazi moja iliyoniangukia ilikuwa kugeuza utabiri wa mvua za masika, Machi hadi Mei, kuwa ujumbe mfupi wa simu kwa wakulima. Utabiri ulisema kuna uwezekano wa asilimia 45 mvua izidi kawaida, 35 iwe ya kawaida, na 20 ipungue. Nikamsomea senje yangu. Alikuwa amekopa chama pesa za mbegu na mbolea.

“Asilimia 45 ndiyo ngapi?” akauliza. “Maharagwe niweke wapi?”

Ikabidi nitafute jibu. Wataalamu huchukua mvua za msimu huo kwa miaka 30 hivi, wakaipanga kutoka mkavu zaidi hadi wenye mvua nyingi zaidi, kisha wakaigawa mafungu matatu sawa. Ukiwa huna habari nyingine yoyote, kila fungu lina nafasi ya asilimia 33. Kwa hivyo 45 ni mzani ulioinama kidogo tu. Si ahadi.

Senje alipiga hesabu haraka kuniliko. “Kumbe mara tano au sita kwa kumi, hainyeshi hivyo.” Akanyamaza. “Basi maharagwe nitapanda kule juu, yasioze. Huku chini niweke nduma. Mvua ikizidi, nduma itafurahi. Isipozidi, nina mahindi.”

Profesa Laban Ogallo alitumia maisha yake ya kazi kwenye pengo hilo kati ya asilimia na jembe. Alifundisha elimu ya hali ya hewa Chuo Kikuu cha Nairobi, na akaongoza kituo cha kufuatilia ukame kilichoanzishwa 1989, ambacho leo tunakijua kama ICPAC. Mwaka 1998, mvua za El Niño zikiwa zimetoka kubomoa barabara na madaraja, likaanza jukwaa la utabiri la Pembe ya Afrika. Hapo wataalamu wa nchi mbalimbali hukubaliana utabiri mmoja, kisha watu wa kilimo, maji, afya na majanga huuliza: sasa sisi tufanye nini? Ogallo alifariki Novemba 2020. Jukwaa bado linakutana.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi kiko hapa jirani, Bunyore, kaunti ya Vihiga. Ukoo wa Nganyi umetabiri mvua kwa vizazi, kwa kusoma miti inavyochanua, ndege na wadudu. Wakoloni walitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1925, na watu kama hao wakajifunza kufanya mambo yao kimyakimya. Halafu, kuanzia 2008 hivi, wanasayansi wa Idara ya Hali ya Hewa, ICPAC na vyuo vikuu wakaenda kuketi nao. Kila upande ulileta utabiri wake, wakalinganisha, wakatoa mmoja wa pamoja. Ukapelekwa barazani na redioni, kwa lugha ya nyumbani.

Kuna watakaosema hapo sayansi ilishuka hadhi. Mimi naona ilifanya kazi yake. Setilaiti inaona bahari ikipata joto maelfu ya kilomita kutoka hapa, jambo ambalo mzee wa Nganyi hawezi kuliona akiwa msituni. Ila mzee ana kitu ambacho setilaiti haina: akisema “subirini wiki mbili,” kijiji kinasubiri. Imani hiyo haitumwi kwa ujumbe wa simu. Inajengwa msimu baada ya msimu, na inadai mtaalamu arudi hata ule mwaka utabiri ulipokataa, aketi kwa benchi na kuulizwa kilichoharibika.

Ule ujumbe niliutuma hivi: “Masika haya, mvua nyingi ina nafasi kubwa kidogo kuliko kawaida, lakini si hakika. Maharagwe weka palipoinuka. Usiweke mbegu yote mahali pamoja.” Mteja alilalamika kwamba nimeondoa namba. Nikamwambia namba ziko, zimevaa gamboti tu. Alilipa, baada ya wiki tatu.