GODORO LA MZEE WETU



Leo soma Zaburi 41:1-3. Daudi anaanza na heri ya mtu anayemjali mnyonge, kisha anatuonyesha Mungu mwenyewe akimtandikia mgonjwa. Wiki hii somo hilo nimelipata kwenye duka la magodoro.

Mnajua mzee wetu aliyepooza upande mmoja ameruhusiwa kutoka hospitalini. Sasa mchana na usiku yuko kitandani. Mlichanga, huyu mia, yule hamsini, mkanituma mjini Kakamega pamoja na kiongozi wa kina mama, tumtafutie godoro la kumpunguzia hatari ya vidonda vya kulala. Pesa ya sadaka haitumiki kwa kuangalia rangi ya kava.

Muuzaji alituwekea magodoro mawili, yote futi 4 kwa 6, inchi 8. "Pasta, yote ni memori fomu. Hili la maua ni la bei nafuu." Kiongozi wa kina mama akamwambia, "Kijana wangu, fungua zipu tuone ndani."

La maua lilikuwa na memori inchi 1 tu. Chini yake ni sponji nyepesi. Ukikandamiza ngumi, inagusa mbao. La pili lilikuwa na memori inchi 2 juu ya inchi 6 za hai densiti. Ukibonyeza kiganja, alama inabaki, kisha inarudi polepole.

Memori fomu ilibuniwa mwaka 1966 na Charles Yost akifanya kazi ya NASA, shirika la anga la Marekani, kwa ajili ya viti vya ndege. Inalainika kwa joto la mwili na kusambaza uzito, usikae nyongani na kisiginoni peke yake. Lakini tabaka la chini ndilo linalobeba mtu. Likiwa dhaifu, la juu linazama nalo.

Kama kava haifunguki, uliza uzito. Kwa ukubwa huo, sponji ya kilo 30 kwa kila mita ya ujazo hufika kilo 13 na nusu hivi. Ya kilo 15 ni nusu ya hapo: umenunua hewa.

Tulichukua la pili. Lakini wapendwa, sikieni. Muuguzi alimwambia mama kwamba hata kwenye godoro zuri, mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili. Mama huyo anageuza peke yake, saa nne usiku, saa sita, saa nane, saa kumi. Mgongo wake mwenyewe umeanza kuuma.

Godoro halimgeuzi mgonjwa. Mchango wetu ni tabaka la juu, linaloonekana na kupigwa picha. Tabaka la chini ni mtu anayeamka usiku. Mungu anapomtandikia mgonjwa, mara nyingi hutumia mikono ya jirani.

Kwa hiyo leo usiandike "Amen" peke yake. Andika siku utakayokwenda kumsaidia mama, wawili wawili, wanaume kwa zamu ya usiku. Mimi na mke wangu tumechukua Jumatatu.

Baba, mpe mzee wetu nafuu, mpe mama usingizi, na utupe sisi mioyo inayobeba. Katika jina la Yesu.

Mbarikiwe.