Pampu haikuwa na kosa

Najua nimepotea, na wengine mmeniandikia kuuliza kama blogu imekufa. Haijafa. Nilikuwa nyumbani Isiolo, na leo hakuna habari za programu wala seva. Kuna habari za Probox ya shangazi yangu, na deni nililokuwa nalo kwa fundi mmoja.

Shangazi anauza maziwa ya ngamia. Alfajiri gari linakwenda upande wa Kulamawe kuyachukua kwa wafugaji, linarudi mjini, mitungi inapakiwa kwenye basi, na jioni maziwa yako Eastleigh, Nairobi. Muda wa kuchezea haupo. Yakikaa juani yanachachuka, na msidhani basi yamekuwa suusa. Suusa hutengenezwa kwa mpango, na watu. Maziwa yaliyoharibika njiani ndani ya mtungi wa plastiki ni ya kumwaga, au kuuza kwa bei ya aibu.

Gari lenyewe ni Toyota Probox ya mwaka 2004, injini 1NZ-FE. Mwaka jana likaanza kuzima. Halikohoi, halitetemeki, linazima tu kama taa. Ukingoja nusu saa linawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Asubuhi likipelekwa gereji, halina ugonjwa wowote! Waandishi wa programu mnaijua hitilafu ya aina hii, ile inayokuwa na adabu kila ukimwita bosi aje aione.

Siku moja lilizima karibu na mji, fundi akaitwa. Akapiga stata huku ametega sikio upande wa tangi. Pampu ya mafuta kimya. Akabadilisha pampu. Ikaja wiki ya mawingu, gari likaenda vizuri, shangazi akafurahi. Jua liliporudi, likazima tena.

Hapa ndipo ninapoona haya. Nilikuwa Nairobi, shangazi akanipigia simu, nami bila kuliona gari nikamwambia, "Shangazi, huyo amekuuzia pampu feki." Nikasema kwa sauti ya mtu mwenye digrii. Nikanunua pampu nyingine Kirinyaga Road, nikaituma kwa basi, ikafungwa na fundi mwingine. Yule wa kwanza akaanza kupoteza wateja, maana shangazi anajulikana, na neno lake sokoni lina miguu. Baada ya siku tisa gari lilizima tena, maziwa lita 60 yakaenda.

Basi nikapanda kwenda mwenyewe, na kifaa changu kidogo cha bluetooth cha kusomea kompyuta ya gari. Kikagoma kuunganika. (Kwa wanaotaka kununua: magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayaelewani na vifaa hivi vya bei rahisi, hata kama tundu linaingiana.) Tukaenda hivyo hivyo. Saa sita na nusu mchana, tukirudi na mitungi nyuma, likazima.

Nikapiga stata, nikasikiliza. Pampu kimya, kama alivyosema yule fundi. Nikasimama pale barabarani nikijiuliza swali ambalo kazini ningeuliza mara ya kwanza kabisa: pampu imenyamaza kwa sababu imekufa, au imenyamazishwa?

Katika injini hii pampu haijiendeshi. Kompyuta ndiyo inayoipa umeme, na haiipi mpaka ipate habari kwamba krenki inazunguka. Ni jambo la usalama, ili gari likipata ajali na injini ikazima, pampu isiendelee kusukuma petroli. Habari hiyo inatoka kwa sensa ndogo yenye waya mbili, iliyofungwa kwa bolti moja karibu na puli ya krenki. Ndani yake kuna koili na sumaku, na mbele yake linapita gurudumu lenye meno 34. Sensa ikinyamaza, kompyuta inaamini injini imesimama. Inakata cheche, inakata mafuta, inazima pampu. Pampu ilikuwa inatii amri, sisi tukaihukumu mara mbili.

Nikachukua kipande cha waya, nikaunganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi iliyo chini ya dashibodi, swichi ikiwa imewashwa. (Hesabu vizuri. La 16 lina umeme wa betri.) Taa ya injini ikaanza kumulika: moja, ikapumzika, kisha tatu. Namba 13. Kwa lugha ya Toyota, habari za mzunguko wa krenki zilipotea injini ikiwa inafanya kazi.

Lakini msimbo wa kosa ni dokezo tu. Nikachukua chupa ya maji ya kunywa, nikalala chini, nikaimwagia sensa taratibu. Sikungoja nusu saa, nilingoja labda dakika mbili. Likawaka. Shangazi akasema, "Alhamdulillahi," kisha akaniuliza kwa nini nimemaliza maji yake.

Maziwa yaliwahi basi.

Jioni niliifungua sensa. Ikiwa baridi, mita ilionyesha namba nzuri, imetulia. Nikaifunga ndani ya nailoni, nyaya zikabaki nje, nikaichovya kwenye maji moto ya thamosi. Namba ikapanda polepole, ikarukaruka, kisha mita ikasema waya umekatika. Ilipopoa, namba ikarudi. Nilirudia mara tatu, ya tatu kwa raha tu. Waya ndani ya koili ulikuwa umekatika mahali, ukitanuka kwa joto unaachana, ukipoa unagusana. Ndiyo sababu asubuhi gari lilikuwa zima, na ndiyo sababu ile wiki ya mawingu ilitudanganya.

Sensa ya mtumba kutoka Japani ilinigharimu shilingi 2,500. Pampu mbili zilikuwa zimekula mara kadhaa ya hizo. Tangu hapo Probox imekwenda Kulamawe miezi minne bila kuzima, kiangazi chote.

Kabla ya kurudi Nairobi nilikwenda kwa yule fundi wa kwanza, shangazi akiwa pamoja nami, kwa sababu maneno yalitoka kwangu lakini aliyeyatembeza ni yeye. Nikamwambia pampu yake ilikuwa nzima, nami ndiye niliyemwita mwizi. Alinyamaza kidogo akipangusa mikono.

"Umekuja na hiyo sensa?"

Ilikuwa mfukoni. Akaigeuzageuza, akaomba aachiwe awaonyeshe vijana wake, akaitia kwenye kopo la bolti. Kisha akazunguka nyuma ya gari, akamwambia shangazi kwamba taa ya breki ya kushoto haiwaki, alilete kesho.