Dada Anakwangua Ugaga, Mshahara Ule Ule

Dada yangu ni msaidizi kwenye kliniki moja ya meno. Kazi aliyoajiriwa nayo anaijua vizuri: kupanga vifaa, kufyonza mate mgonjwa akiwa ameachama, kuchanganya dawa ya kuziba, kutakasa vyombo. Miezi michache iliyopita foleni ilizidi. Daktari akamwonyesha mara mbili namna ya kukwangua ugaga kwa mashine, kisha akamwachia wagonjwa wote wa kusafishwa meno. Mshahara haukuguswa.

Usiku mmoja akanipigia. "Mdogo wangu, leo nimeogopa." Mzee mmoja alitoka damu kwenye fizi, ikagoma kukata. Ndipo mzee akasema anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Dada hakuwa amemuuliza, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huwa wanaulizwa. Daktari akaitwa, mzee akang'atishwa pamba muda mrefu mpaka damu ikakata. Akaondoka akimshukuru dada, na hilo ndilo anasema lilimuuma zaidi.

Kwanza niliwaka: kila mtu abaki na kazi yake! Halafu nikakumbuka BTP yangu. Mimi nasoma Kiswahili na Historia, lakini shuleni nilipewa Baiolojia, Kidato cha Pili, maana mwalimu wa somo hakuwepo. Nikakubali. Usiku nalala na kitabu, asubuhi najifanya najua. Kwangu hakuna aliyetoka damu, ila makosa yangu wale watoto watakutana nayo kwenye mtihani wa taifa, mimi nimesharudi chuo nasubiri boom.

Kwa hiyo siwezi kusema wasaidizi wasiguse kabisa. Hata historia inanikatalia. Huko Marekani, mwaka 1906, daktari Alfred Fones wa Connecticut alimfundisha msaidizi wake, Irene Newman, kusafisha meno ya wagonjwa. Kada nzima ya wasafisha meno ilianzia kwa huyo msaidizi. Na jimbo la Kansas linawaruhusu wasaidizi waliopata mafunzo maalumu kukwangua ugaga ulio juu ya ufizi. Wa chini ya ufizi hawaugusi. Mpaka unaonekana kwa macho.

Kwetu kazi hiyo ni ya daktari wa meno, au ya tabibu wa meno aliyekaa chuoni miaka mitatu. Mpaka wa dada ni foleni tu. Ikiwa ndefu, yeye ni tabibu. Ikiisha anarudi kuwa msaidizi, hasa mwisho wa mwezi.

Ninachotaka ni afundishwe, apimwe, apewe kibali na nyongeza ya mshahara, ndipo ashike ile mashine. Nikamwambia mpaka hapo, dada, kataa. Akacheka.

"Nikikataa, kodi ya geto lako atalipa nani? Boom lenu lenyewe halijatoka."

Sikuwa na jibu. Kusema kweli hata sasa sina.

Jumatatu alirudi kazini kama kawaida. Ameandika maswali kwenye kikaratasi na kukibandika ndani ya mlango wa kabati la vifaa, mgonjwa asikione: Una kisukari? Una presha? Unatumia dawa gani? La mwisho kaliongeza mwenyewe, kwa wino mwekundu: Umewahi kutoka damu ikagoma kukata?