Kichwa Ambacho Hakikupakwa Rangi



Wapendwa wanaparokia, juma hili naianza tafakari yetu kwa kuungama kosa langu mwenyewe. Nililitenda hadharani, na ni haki niliseme hadharani.

Ilikuwa Dominika moja mwishoni mwa Septemba mwaka jana. Nilikuwa nimekwenda Kizimbani kusali pamoja na familia chache za Kikatoliki zinazoishi katikati ya mashamba ya mikarafuu na viungo. Baada ya Misa alinijia mvulana wa miaka 12, mkononi ana karatasi ya mfuko wa saruji iliyokunjwa.

“Shikamoo Padre.”

“Marahaba mwanangu.”

Akaniuliza kama angeruhusiwa kuvaa vazi la dinosauri mbele ya wenzake jioni ya tarehe 31 Oktoba, siku ya Halloween. Sikuifungua ile karatasi. Nililisikia neno Halloween tu, nikamjibu kwa sauti iliyowafikia watoto wote kwamba mtoto wa Kanisa havai mashetani. Watoto wakacheka. Yeye akaikunja karatasi yake mara nyingine, akaenda zake.

Juma lililofuata alikuja mama yake. Anafanya kazi katika hoteli moja ya watalii kaskazini mwa kisiwa, na habari za Halloween mtoto alizipata kwake. “Padre,” aliniambia, “sikuja kulalamika. Naomba tu uje uone alichokuwa akikitengeneza, kabla hajakivunja.” Ndipo akanieleza kwamba marehemu mumewe alikuwa mtu wa Lindi, na kwamba kila usiku kabla ya kulala alikuwa akimsimulia mwanawe habari za mifupa mikubwa ya Tendaguru. Baba huyo alifariki dunia mwaka mmoja kabla ya siku ile. Nilikuwa sijui.

Wengi wetu hatuijui Tendaguru, ingawa ni mali ya nchi yetu. Ni kilima kilichoko umbali wa kilomita 60 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliona mifupa mikubwa ikichomoza ardhini, na kati ya mwaka 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba hapo. Kazi ya jembe, ya kukung’uta udongo na ya kufunga mizigo ilifanywa na watu wa kwetu, ambao walifikia mia kadhaa katika miaka ya kazi nyingi. Vita vya Majimaji na njaa iliyovifuata vilikuwa vimetoka tu kuiumiza nchi ile. Wapagazi waliibeba mifupa kwa miguu, siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi, na zaidi ya tani 200 zikapelekwa Ujerumani. Mkubwa wa mafundi hao alikuwa Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 dinosauri mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kumkumbuka, Australodocus bohetii. Wenzake wengi hatuna hata majina yao.

Basi nilikwenda. Nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kulikuwa na mifupa ya fito za mianzi imening’inia kwa kamba. Mvulana alinisalimu kwa adabu, lakini hakuniangalia usoni. Nikamwomba anifundishe. Mwanzoni alijibu kwa neno moja moja, halafu kazi yenyewe ikamfungua mdomo.

Hakumchagua yule jitu maarufu wa Tendaguru, mwenye shingo ndefu, ambaye kiunzi chake huko Berlin kina kimo cha zaidi ya mita 13. “Yule ana miguu minne, Padre, na mimi ninayo miwili.” Alimchagua Elaphrosaurus, dinosauri mwembamba wa Tendaguru aliyekwenda kwa miguu miwili na kufikia urefu wa mita 6 hivi. Akampunguza kwa nusu. Karatasi ile ya saruji, niliyokataa kuifungua, ilikuwa na vipimo vyote: mkia, kiuno, kifua na shingo.

Kiunoni aliweka pete ya mianzi iliyozungushiwa vitambaa ili isimchubue. Pete ilishikwa mabegani kwa mikanda ya begi kuukuu la shule. Kutoka pete hiyo shingo ilikwenda mbele na juu, na mkia ukaenda nyuma. Kiwiliwili cha mvulana kingefichwa katika shina la shingo, ambamo aliacha tundu lililofunikwa kipande cha chandarua ili aone njia. Mwanzoni mkia uliburuta chini. Mwalimu wake alikuwa amemwonyesha kwamba michoro ya zamani ndivyo ilivyokuwa, ila nyayo za dinosauri zilizobaki katika mawe kwa kawaida hazina alama ya mkia uliokokotwa. Hata kule Berlin, lile jitu lililosimamishwa mwaka 1937 lilifunguliwa na kuundwa upya, na lilipoonyeshwa tena mwaka 2007 mkia wake ulikuwa umeinuliwa. Kwa hiyo aliutundika mwili wote kwenye mwembe kwa kamba moja iliyofungwa kiunoni, akawa anatia vijiwe ndani ya mkia na kuvitoa, mpaka shingo na mkia vikalingana kama mizani.

Ngozi ilitokana na godoro lililochakaa. Sponji aliikata vipande kwa wembe, akaivisha juu ya fito, kisha akaifunika tabaka tatu za magazeti yaliyolowekwa katika uji wa muhogo. Tabaka la mwisho lilipokuwa bado bichi aliligandamiza kwa wavu wa samaki, na likabaki na alama za magamba. Jirani yao, bibi mmoja Mwislamu, alimpa sindano ya kushonea ukili na kumwonyesha namna ya kuunga magunia ya miguuni yasifumuke. Rangi aliipata shambani: mbegu za mzingefuri kwa wekundu, manjano kwa tumbo, na masizi ya jikoni kwa mistari ya mgongoni. Mwendo alijifunza kwa kuku. Kwa kuwa ndege ni wazao wa dinosauri, alikuwa akiwafuata kuku uani na kuwaiga wanavyonyanyua mguu, wanavyokunja vidole, wanavyotangulia kwa shingo.

Vazi zima halikufika kilo nne. Lakini kichwa kilikuwa cha gunia tupu, hakina rangi, hakina meno, kama mtu aliyekatishwa kazi. Nikamwuliza kwa nini hajakimaliza.

“Nimekimaliza, Padre. Kichwa chake hakikupatikana.”

Alisema kweli. Mifupa ya Elaphrosaurus iliyochimbwa Tendaguru haikuwa na fuvu. Wataalamu wanakisia kwa kuwatazama jamaa zake, kama Limusaurus wa China, aliyetangazwa mwaka 2009, ambaye akikua alikuwa na mdomo usio na meno. Mvulana alikuwa amekata umbo dogo la kichwa, kwa kuwa mtu hawezi kutembea bila kichwa, lakini alikataa kukipaka rangi. “Nikikipaka,” alisema, “watu watadhani najua.”

Ndugu zangu, nilikaa kimya chini ya mwembe ule. Nimesoma seminarini miaka mingi, falsafa na teolojia, na nimefundishwa namna ya kupambanua kabla ya kuamua. Mtoto huyu hakuthubutu kupaka rangi kichwa cha mnyama aliyekufa zamani za kale, kwa sababu hakukiona. Mimi nilikuwa nimempaka mtoto hai rangi ya mashetani, mbele ya wenzake, kwa sababu ya neno moja nililolisikia. Sikuuona moyo wake, wala karatasi yake sikuifungua.

Neno lenyewe pia nililihukumu upesi mno. Halloween kwa asili ni jina la Kiingereza la mkesha wa Watakatifu Wote. Wahamiaji kutoka Ireland waliipeleka desturi hiyo Marekani, hasa katika karne ya 19, na huko ikavishwa mambo mengi. Sisemi kwamba yote yanayofanywa usiku ule yanatufaa. Mapambo ya kuchekea kifo na ya kuitukuza giza siyapendi, na wazazi wana haki ya kuyakataa. Ila kukataa kwa haki kunaanza kwa kutazama.

Jioni ya tarehe 31 jumuiya yetu ndogo ilikusanyika uani pale kwa rozari. Kabla ya sala nilisimama mbele ya watoto wale wale waliocheka, nikamwomba radhi mvulana kwa jina lake. Hakusema neno, aliitika kwa kichwa tu. Kisha akaingia ndani, na baada ya dakika chache Elaphrosaurus alitoka mlangoni. Alitembea kwa hatua za kuku, mkia umeinuka, shingo ikitangulia. Kuku wenyewe walitawanyika, na mama mmoja aliruka nyuma ya benchi. Yule bibi jirani alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

Manyunyu ya vuli yalianza kabla hajamaliza mzunguko wa tatu. Mzingefuri ukachuruzika, masizi yakaingia katika manjano, na mwili wote ukawa na madoa. Tuliposogea barazani, mama yake alimfungua mikanda. Mvulana akauliza kama katika sala za kesho kutwa, siku ya Marehemu Wote, tungeweza kumtaja baba yake, na pia “wale waliobeba mifupa.” Nikamwambia kwamba majina yao hatunayo. Akanijibu, “Si tutawataja hivyo hivyo, Padre? Waliobeba mifupa.”

Tuliwataja hivyo hivyo, baada ya jina la baba yake.

Juma hili, kabla ya kumwambia mtoto hapana, mwombe kwanza akufungulie karatasi yake. Huenda jibu likabaki hapana, lakini atakuwa ameonwa.

Nawatakia maandalizi mema ya Sherehe ya Watakatifu Wote. Tuombeane.

Wenu katika Kristo,
Paroko