Malata iko, mwalimu atakula nini?

Kwetu Mokambo, huku ku mupaka wa Zambia, mgeni mwenye moyo mwema akifika ku masomo ya kijiji anaona batoto wanakaa chini. Analeta malata na mabanchi. Asante sana! Lakini ni wangapi wanauliza mwalimu anakula nini?

Toka miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa, wazazi ndio walichanga "prime" ya walimu. Mwezi wa 9, 2019, masomo ya msingi ya serikali yakakuwa bure, kama vile Katiba ya 2006 ilivyosema. Vizuri. Ila mwalimu ambaye jina lake halijaingia ku listi ya serikali, mchango umekatika na mshahara haujakuja. Mmoja ninayemjua anachoma makala. Siku zingine batoto wanamungoja mpaka jua linakuwa kali, wanarudi nyumbani.

Basi wewe unayetaka kusaidia, mbele ya kununua malata, keti kwanza na mwalimu na komite ya wazazi. Pengine watakuomba mbegu ya mahindi na mbolea, wamulimie shamba. Haitoe picha nzuri kama nyumba mpya, najua. Lakini udongo uko, nyuma ya masomo, na wazazi wenye majembe wako. Mbegu ifike mbele ya mwezi wa 11.